Dakika tano za kusema: hesabu ya nguvu ya maskini katika bonde la Kilombero

Tuanze na fedha, kwa kuwa ndizo hutajwa kwanza. Februari 2020 Rais John Magufuli alizindua kipindi cha pili cha awamu ya tatu ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania (TASAF). Bajeti ilikuwa shilingi trilioni 2.03, na walengwa kaya zipatazo milioni 1.45 zenye watu zaidi ya milioni saba, Bara na Visiwani. Trilioni mbili ikitajwa redioni, mtu anaona mlima wa noti. Igawe. Kila kaya inaangukiwa na shilingi milioni 1.4. Zitandaze kwa miaka minne ya kipindi hicho, unapata kama 29,000 kwa mwezi, na humo zimo pia gharama za kuendesha mpango wenyewe na ujira wa ajira za muda. Kwa kichwa kimoja ni kama 6,000 kwa mwezi, yaani shilingi 200 kwa siku.

Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 uliweka kiwango cha umaskini wa mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Elfu sita ni kama sehemu ya nane ya hapo.

Siziweki hesabu hizi mezani ili kuudharau mpango. Mia mbili kwa siku ni chumvi, ni sabuni, ni daftari la mtoto ambaye angeachishwa shule. Naziweka kwa sababu zinazaa swali ambalo wapanga mipango hulipita haraka. Ikiwa fedha hizi haziwezi peke yake kumtoa mtu katika umaskini, basi mengi ya yale tunayoahidiwa yako kwingine: kwamba mtu maskini akishirikishwa atajiona ana uwezo juu ya maisha yake, atasimama mkutanoni, atadai, atakataa. Ahadi hiyo nayo ina bei na ina ukubwa. Nayo inahesabika.

Kivukoni panafaa kwa hesabu hiyo. Ndipo barabara ya kutoka Ifakara inapokutana na mto Kilombero kabla ya kuendelea Lupiro na kupanda Mahenge. Kwa miaka mingi watu walivuka kwa pantoni, na mto ulipofurika safari zilikwama. Januari 2016 kivuko cha Mv Kilombero II kilipinduka. Mei 2018 likazinduliwa daraja la mita 384, ambalo pamoja na barabara zake unganishi liligharimu kama shilingi bilioni 61. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 407,880 katika wilaya ya Kilombero na 265,203 katika wilaya ya Ulanga, Malinyi ikiwa bado ndani yake. Gawanya: ni karibu shilingi 91,000 kwa kila mkazi, mara moja tu, na daraja limebaki.

Ili avuke daraja hilo, hakuna aliyetakiwa kuhudhuria kikao wala kujaza fomu. Mama mwenye uchungu anavushwa usiku wa manane sawasawa na mfanyabiashara wa mpunga mwenye Fuso. Huo ni uwezo wa kweli, na yeyote anayesema ushirikishwaji ni bora kuliko miundombinu hajawahi kungoja pantoni na mgonjwa. Lakini daraja halimpi mtu ujasiri wa kumuuliza mwenyekiti wa kijiji fedha za zahanati zimekwenda wapi. Ujasiri huo una njia yake, na njia hiyo inapimwa kwa dakika.

Chukua kijiji chochote cha ng'ambo ya mto. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inampa kila mkazi aliyetimiza miaka 18 nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo unapaswa kuitishwa angalau kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na wanawake wasipungue robo. Tuseme wamekuja watu 200, mkutano ukachukua saa tatu. Hizo ni dakika 180. Wakigawana sawa, kila mmoja ana sekunde 54. Kwa mikutano minne ya mwaka anapata dakika tatu na sekunde 36, na hapo sijatoa muda wa kutambulisha wageni wa wilayani na hotuba zao. Mama mjane mwenye nusu eka ya mpunga, ambaye hajawahi kusema mbele ya watu, hatazitumia hizo sekunde 54. Atamwachia anayezijua.

Na mkutano huo si mdogo kwa madaraka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 haihamishwi kwenda ardhi ya jumla mpaka mkutano mkuu wa kijiji uridhie. Hekta 250 ni zaidi ya eka 600. Katika bonde ambalo kila mtu analitamani, kuanzia wakulima wa mpunga na miwa, wafugaji waliokuja na ng'ombe wao, hadi makampuni ya misaji, kura hiyo ni mali kubwa kuliko ruzuku yoyote. Anayebaki nyumbani kwa kuona mkutano si wa watu kama yeye anapoteza sauti juu ya eka 600. Hisia ya kuwa na uwezo, ambayo wengi huiona kama jambo la moyoni, inaishia kwenye mipaka ya shamba.

Sasa geukia kikundi cha kuweka na kukopa, VICOBA au kile ambacho wengi wanakiita hisa. Mfumo huu ulianzishwa na shirika la CARE huko Maradi, Niger, mwaka 1991, ukafika Zanzibar na Bara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watu 25 wanakutana kila wiki kwa saa mbili. Wakigawana muda sawa, kila mmoja ana karibu dakika tano. Kwa wiki 50 ni saa nne kamili. Linganisha na dakika tatu na nusu za mkutano mkuu: ni karibu mara 67.

Muda peke yake hautoshi, maana hata maombolezoni watu hukaa saa nyingi. Kinachofanya kazi ni utaratibu. Kisanduku cha fedha kina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Hakifunguliwi mpaka wote watatu wawepo na wanachama wakiwa wanaona. Fedha zinahesabiwa kwa sauti. Kabla ya kufunga, wanachama wanaambiwa kiasi kilichobaki nao wanakikariri. Wiki inayofuata, kabla ya kitu chochote, wanaulizwa ni kiasi gani. Mama asiyejua kusoma anajibu kwa usahihi kama mwekahazina. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake anajua hesabu ya taasisi fulani yote, na hakuna anayeweza kumdanganya kuhusu hesabu hiyo. Kila mtu akinunua hisa mbili za shilingi elfu moja kwa wiki, kikundi cha watu 25 kinakusanya milioni 2.5 kwa mwaka kabla ya riba na faini. Kiasi hicho hakijengi daraja, lakini chote kiliamuliwa na wao.

Je, utaratibu huo unabadilisha kitu, au ni matumaini tu? Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa vikundi vya namna hii katika Ghana, Malawi na Uganda, ukihusisha maeneo 561 yaliyogawanywa kwa bahati nasibu: mengine yakaanzishiwa vikundi, mengine yakasubiri. Watafiti hawakuona matumizi ya kaya yakiongezeka kwa wastani. Watu hawakuanza kula zaidi. Ila biashara za kaya ziliimarika, na nguvu ya wanawake katika maamuzi ikapanda. Matokeo hayo yanastahili kusomwa mara mbili. Mfuko ulibaki karibu pale pale, na mwenye mfuko akabadilika.

Upande wa pili wa Ziwa Tanganyika kuna mfano uliokwenda kinyume, nao una jina la Kiswahili. Mpango wa Tuungane ulianza 2007 mashariki mwa Kongo kwa fedha za serikali ya Uingereza, ukisimamiwa na shirika la misaada la IRC pamoja na CARE. Ulifika katika vijiji 1,250. Wanakijiji walichagua kamati, wakafundishwa uwazi na uwajibikaji, wakapewa dola elfu kadhaa kwa kila kijiji, wakajenga madarasa na zahanati. Kisha watafiti wakafanya mtihani wa haki: vijiji, vilivyopitia mpango na ambavyo havikupitia, vikapewa dola 1,000 bila masharti ya namna ya kuzisimamia, halafu wakatazama. Nani anaamua? Fedha zinafika kwa nani? Viongozi wanaulizwa? Tofauti haikuonekana. Katika baadhi ya vijiji kamati zilitakiwa kuwa na wanawake sawa na wanaume, na mtazamo wa watu juu ya uongozi wa wanawake nao haukusogea.

Madarasa yalijengwa, na ni mazuri kuwa nayo. Lakini tazama hesabu ya maamuzi. Kijiji kilichagua kamati mara moja, kikachagua mradi mara moja, kikaupokea. Fedha ilitoka nje na kanuni zilitoka nje. Mwanachama wa kikundi cha hisa anaamua karibu mara 50 kwa mwaka juu ya fedha iliyotoka mfukoni mwake. Ndiyo maana naamini kwamba nguvu ya mtu maskini inakua kwa idadi ya nyakati ambazo ameona uamuzi wake umegeuka kuwa kitu, na ukubwa wa bajeti unachangia kidogo sana. Kwa kipimo hicho mipango mingi ni midogo, hata ile ya trilioni.

TASAF yenyewe ipime hivyo. Malipo yalipangwa kutolewa kila baada ya miezi miwili, mara sita kwa mwaka. Katika kipindi cha kwanza kaya ilianzia shilingi 10,000 kwa mwezi, na kwa wenye watoto wa shule na kliniki ingeweza kufika 38,000. Ajira za muda zililipa 2,300 kwa siku, siku 15 kwa mwezi kwa miezi minne, jumla 138,000. Katika yote hayo mlengwa anaamua lini? Kijiji kinashiriki mwanzoni, pale majina ya kaya maskini yanapotajwa. Kisha taarifa zinapelekwa kwenye mfumo, alama zinakokotolewa mbali, majina yanarudi kusomwa mkutanoni. Kijiji kinashiriki tena katika kuchagua mradi wa ajira za muda, iwe bwawa, barabara ya kitongoji au miti. Aliyeachwa nje anapouliza "kwa nini si mimi?", mara nyingi jibu halipo kijijini. Mtu ambaye hajui kwa nini ameingizwa hajui pia kwa nini anaweza kutolewa, na katika hali hiyo fedha, hata ikija kwa wakati, inamfundisha kungoja.

Hata hivyo kuna ushahidi unaonipa moyo, tena wa hapa hapa. Kabla ya mpango kuenea nchi nzima, TASAF ilifanya majaribio katika Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vijiji vilikuwa 80. 40 vilianza kupokea 2010 na 40 vilisubiri, na kamati za kijiji ndizo zilizosimamia. Uchambuzi uliochapishwa baadaye ulionyesha kuwa waliopokea waliongeza imani kwa viongozi wao wa kijiji, na imani hiyo iliongezeka zaidi katika vijiji ambavyo tangu mwanzo vilikuwa na desturi ya kuitisha mikutano mingi. Fedha ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa watu kuwa na mahali pa kuwaona wanaoigawa, kuwasikia na kuwauliza.

Maneno yanayosindikiza fedha nayo yana uzito. Mwaka 2020 yalichapishwa majaribio yaliyofanyika katika mitaa ya watu wa kipato cha chini Nairobi, kwa washiriki 565. Kila mmoja alipewa shilingi 400 za Kenya, kama ujira wa siku mbili. Wengine waliambiwa fedha ni ya kupunguza umaskini wao. Wengine waliambiwa ni ya kuwasaidia kutimiza malengo yao, na wengine ya kuwawezesha kuwainua na wenzao. Kisha wakaachiwa kuchagua video za kutazama. Waliosikia habari ya malengo yao au ya wenzao walijiona wana uwezo zaidi, na walichagua zaidi video za mafunzo ya biashara kuliko za burudani. Kubadilisha sentensi mbili za mwenye kugawa fedha hakugharimu hata senti. Afisa anayesimama mbele ya foleni ya malipo Lupiro anaweza kuanza kesho.

Gharama inayosahaulika ni ile anayolipa maskini mwenyewe. Saa mbili kwa wiki 50 ni saa 100, sawa na siku 12 na nusu za kazi ya saa nane. Zihesabu kwa ule ujira wa TASAF wa 2,300 na utapata 28,750. Yaani mwanachama wa kikundi anatoa kwa mwaka, kwa muda wake tu, karibu kiasi kile kile ambacho bajeti ya TASAF iliiwekea kaya nzima kwa mwezi. Ongeza mkutano mkuu, kamati ya shule, kamati ya maji, siku ya kusubiri malipo. Mwenye duka hulipa siku hizo kwa faida iliyopungua. Mwenye kibarua hulipa kwa chakula cha jioni.

Na katika bonde hili gharama hiyo inapanda kwa majira. Mashamba ya mpunga yako mbali, kwenye tambarare linalofurika. Mvua kubwa zikikaribia, familia nyingi huhamia shambani na kukaa kwenye dungu kwa miezi, wakilinda mpunga dhidi ya ndege na wanyama, mpaka mavuno. Watafiti wa Ifakara wameandika juu ya uhamaji huu kwa sababu unawaweka watu mbali na zahanati wakati wa malaria nyingi. Unawaweka mbali na mkutano pia. Kikao cha Machi kinawakuta kijijini wenye maduka, wenye mishahara na wazee. Ukihesabu mikutano minne kwa mwaka, maskini wa mpunga anaweza kukosa miwili bila kosa lake, halafu taarifa inaandikwa kwamba "wananchi walishirikishwa".

Kuna na walioachwa nje ya vikundi vyenyewe. Hisa ya elfu moja kila wiki ni elfu nne kwa mwezi, na faini ikiongezeka, mwenye kibarua cha msimu anaona aibu na kuondoka kimya kimya. Huyo ndiye anayekutwa na mkopo wa riba kubwa, ule unaoitwa kausha damu. Kwa hiyo ruzuku na kikundi vinahitajiana: ruzuku inampa hisa, kikundi kinampa sauti. TASAF imeliona hili, ndiyo maana imeanzisha vikundi vya kuweka akiba vya watu 10 hadi 15 miongoni mwa walengwa.

Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri inaonyesha jinsi nguvu inavyoweza kutolewa na kurudishwa kwa tangazo. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga sehemu hiyo ya mapato ya ndani na kuikopesha bila riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 serikali iliisimamisha baada ya ukaguzi kuonyesha fedha nyingi zisizorejeshwa na vikundi hewa. Ilirejea katika mwaka wa fedha 2024/25. Kusafisha kulihitajika, sibishi. Ila kikundi cha kweli, chenye watu wanaojuana na kitabu kilichonyooka, kilingoja zaidi ya mwaka kwa kosa la kikundi ambacho hakijawahi kuwepo. Kilichobaki mikononi mwao wakati huo kilikuwa kisanduku chao.

Bonde hili limewahi kuona pia namna nyingine ya kushirikisha. Maabara ya Waswisi iliyoanza Ifakara mwaka 1957, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, ilianza kwa kuchukua sampuli kutoka kwa wanakijiji. Miaka 54 baadaye, katika mradi wa Connect, vijiji 50 vya Kilombero, Ulanga na Rufiji vilishiriki kuwateua vijana wao wasomee afya ya jamii kwa miezi tisa, wakarudi kijijini kuhudumu nyumba kwa nyumba kwa mshahara. Waliitwa WAJA, nao walikuwa zaidi ya 140. Kwa mtu anayeamini hesabu ya maamuzi, hapo pana kitu kikubwa: kijiji kilimpendekeza mtu, na kila wiki kikamwona mlangoni akifanya kazi kiliyompendekezea.

Turudi kwenye bajeti, tumalizie hesabu. Kaya milioni 1.45 zikipangwa katika vikundi vya 15 ni vikundi kama 97,000. Tuseme kisanduku, kufuli tatu na vitabu vya kikundi kimoja ni shilingi 60,000. Jumla ni bilioni 5.8. Hiyo ni chini ya theluthi moja ya asilimia moja ya trilioni 2.03, na haifiki sehemu ya kumi ya bei ya daraja la Kivukoni. Gharama halisi iko kwa mwezeshaji: mtu wa kukaa na kikundi kwa mzunguko mzima wa kwanza mpaka wagawane na kuanza tena, bila yeye kushika ufunguo hata siku moja. Huyo anahitaji mshahara na pikipiki, na kwa vijiji vya Kilombero, Ulanga na Malinyi anahitaji ratiba inayofuata mpunga: aanze Julai, mavuno yakiwa yameingia ndani na watu wana hisa ya kuanzia; ifikapo Januari avihamishie vikao kwenye madungu pamoja na wanachama wake; na taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji isomwe huko huko, kabla ya mkutano wowote wa kugusa ardhi.